Kidole Changu na King'ora cha Wirrabin

Watu wakinikuta dukani wananiuliza kama soka itaua mpira wetu. Wananiuliza mimi, bibi kizee niliyetoka shule nina miaka kumi na minne, kana kwamba nina ofisi na karani. Nawajibu hivi: kuna siku nilitaka kuikomesha soka kwa kidole kimoja, hiki hapa, chenye ukucha uliopinda, na nilichokiua siku ile ni goli la mjukuu wangu mwenyewe. Sasa kawaulizeni wengine.

Naitwa Valma Pickering. Nimemenya viazi vya kutosha kujaza treni, nimenyonyoa kuku kiwandani, nimezaa watoto watatu, nimemzika mume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipigia makofi kwa lolote kati ya hayo. Lakini kila Jumamosi ya baridi, kwa miaka thelathini na minane, wanaume thelathini na sita wenye mapaja kama magogo walikuwa wanasimama papo hapo, mmoja mguu juu, kwa sababu mimi nimebonyeza kitufe. Malkia mwenyewe hakuwa na amri kama hiyo. Yeye ilibidi aombe kwanza.

Kitufe chenyewe nilikipata kwa ulevi wa mume wangu. Ern ndiye alikuwa mtunza saa wa klabu yetu. Mwaka 1985, siku ya baridi kali, alikunywa bia zake na kulala kibandani katikati ya robo ya tatu. Mtunza saa wa wageni alikuwa ameenda msalani, akakutana na mtu, akasahau kurudi. Robo ya dakika ishirini na kitu ikaenda arobaini. Wachezaji wakaanza kutapika. Mie nilikuwa nimempelekea Ern pai lake la nyama, nikamkuta anakoroma. Nikamsukuma, akaanguka na kiti chake, nikabonyeza. King'ora kikalia mpaka mbwa wa mji mzima wakaitikia. Uwanjani watu walilala chini kwa shukrani. Ern aliomba kitufe chake Jumamosi iliyofuata, nikamwambia aombe pai.

Sasa, ili mnielewe ujinga wangu, lazima mjue kitu kimoja. Kwenye mpira wetu, ule mpira wa umbo la yai, hakuna mtu mmoja anayeaminiwa kushika saa. Kila klabu inaleta mtunza saa wake. Mnakaa kibanda kimoja, benchi moja, magoti yanagusana, mnachungana kama wezi wawili waliofungwa pingu moja. Mwamuzi akiinua mkono mnasimamisha saa, akishusha mnaendelea. Dakika zikitimia, wa nyumbani anabonyeza, lakini mpaka mgeni atikise kichwa kwamba naam, zimetimia.

Mgeni niliyemchukia zaidi alikuwa Neville Tripp wa Gorrick. Gorrick ni mji wa jirani, kilomita ishirini na nne, na ningependa ziwe zaidi. Mwaka 1991, nusu fainali, uwanjani kwetu, tunaongoza kwa pointi tatu, na goli moja kwetu ni pointi sita. Jamaa wa Gorrick anakimbia na mpira kifuani kuelekea milingoti yetu, hana mtu mbele. Nikabonyeza. Neville akaruka kama amekalia msumari.

"Val! Bado sekunde kumi na mbili!"

"Saa yako mbovu."

"Sijatikisa kichwa!"

"Ulitikisa."

"Nilikuwa napiga chafya!"

Goli halikuhesabiwa, tukashinda, tukaenda fainali, tukapigwa vibaya. Lakini Neville hakuisahau ile chafya. Kila mwaka akija kibandani, neno la kwanza ni "kumi na mbili," na mie neno langu la kwanza ni "saa mbovu," na baada ya hapo tunanyamaza mpaka mechi iishe. Miaka thelathini na kitu. Kuna ndoa zina maneno machache kuliko hayo.

Mji wetu ulianza kupungua polepole. Mashamba yakanunuana, shamba moja likameza manne, na familia nne zikawa moja yenye watoto wawili na trekta kubwa. Halafu soka ikaja. Kwanza shuleni, kwa sababu mama wengine hawataki watoto wao wavunjwe shingo. Halafu wakaja Wakareni kutoka mpakani mwa Burma, kufanya kazi kiwandani kule nilikonyonyolea kuku ujana wangu, na watoto wao wakawa wanacheza soka popote penye ukuta. Halafu mwaka ule timu ya taifa ya wanawake ikacheza mashindano makubwa hapa hapa nchini, na kila msichana wa Wirrabin akaanza kupiga mpira wa duara kwenye mlango wa gereji. Mlango wangu mimi umebonyea. Aliyeubonyeza ni Tahlia, mtoto wa binti yangu, ambaye nilimlea kibandani. Tangu ana miaka minne alikuwa anakaa mapajani mwangu Jumamosi, ananihesabia sekunde kumi za mwisho kwa sauti kabla sijabonyeza. Alipokuwa na miaka kumi na sita akaja jikoni, akasimama mlangoni. Hakuketi. Nikajua kuna neno.

"Bibi, nahama. Naenda soka."

"Hama na nyumba kabisa."

"Sitanii, Bibi."

"Soka ni mchezo wa watu waliokatazwa mikono. Wewe mikono umekatazwa na nani?"

"Kipa anatumia mikono."

"Basi kuwa kipa."

"Nataka kufunga magoli."

"Kule hakuna magoli, mtoto wee. Nimeangalia kwenye televisheni. Watu ishirini na wawili, dakika tisini, goli moja. Babu yako alikuwa anapata watoto upesi kuliko hao."

"Bibi!"

"Na ukikosa, umekosa. Huku kwetu ukikosa kwa kidogo unapewa hata pointi moja ya kufutia machozi."

Akanibusu kichwani akaondoka. Anajua nikibusiwa napoteza mstari.

Novemba hiyo tukaitwa ukumbini. Klabu yetu ilikuwa imebaki na wachezaji wenye magoti mazima kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Hesabu kamili ya soka. Mungu naye ana utani wake. Wakapiga kura tuungane na Gorrick. Nikanyoosha mkono wa kukataa, nikatazama huku na huku, tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa anajinyoosha tu. Ikapita. Mechi za nyumbani zitachezwa Gorrick, maana uwanja wao una nyasi za mwaka mzima. Mie nikakubali moyoni, nikasema sawa, nitapanda gari niende hukohuko Gorrick nikabonyeze.

Ndipo mwenyekiti akakohoa. Klabu sasa ni moja, akasema. Klabu moja, mtunza saa mmoja. Na saa siku hizi inashikwa kwenye kishikwambi. Na Neville anajua kishikwambi.

Neville alikuwa ameketi mstari wa mbele, kofia magotini, mnyenyekevu kama padri.

"Val, usione vibaya," akasema. "Wewe na mashine si unajua mwenyewe."

"Saa mbovu," nikamwambia.

"Kumi na mbili," akasema.

Nikachukua sahani yangu ya keki nikatoka. Ilikuwa imeliwa vipande viwili tu.

Sasa hapa ndipo akili zangu mzione. Walioninyang'anya kitufe ni Gorrick, na watu wetu wenyewe walionyoosha mikono. Soka haikuwa hata na kiti mle ukumbini. Lakini Gorrick nilikuwa nimeshawachukia mpaka kipimo kimejaa, hapakuwa na pa kuongezea. Soka ilikuwa bado mpya, ina nafasi. Nikaihamishia yote huko.

Msimu ulipoanza, halmashauri ikawapa wasichana wa soka uwanja wetu Jumamosi, ule uliokuwa umekaa bure. Lakini ufunguo wa kibanda cha saa ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwenye kamba shingoni mwangu. Jumamosi ya kwanza nikaenda, nikafungua, nikajifungia ndani na chupa yangu ya maji ya moto ya kupasha miguu, na saa ya Ern, ile ya kubonyeza. Kulinda, nilisema. Kulinda nini sikusema, na hakuna aliyeuliza.

Mlango ukagongwa. Ni kocha wao, Eh Moo, Mkareni mwembamba, mfupi, kazini anakata kuku elfu kwa siku na bado ana sauti kama anambembeleza mtoto alale.

"Bibi, naomba ufunguo."

"Mie si bibi yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Unataka wa nini?"

"Tuweke mipira humu."

"Humu mna saa."

"Mipira itakaa kimya, Bibi."

"Ng'o."

Akainama kidogo, akaenda. Nikajua nimeshinda. Jumamosi ya pili akagonga tena, mkononi bakuli la supu ya tambi yenye pilipili. Sikuila. Niliionja tu, mpaka ikaisha. Jumamosi ya tatu mipira ilikuwa ndani ya kibanda na mie nimekaa juu ya mmoja. Mpaka leo sijui aliiingizaje.

Basi nikawa naiangalia soka yao, kwa kuwa ilikuwa mbele ya dirisha. Watu walikuja na magari, wakayapanga kuzunguka uwanja, pua kwenye uzio, kama tunavyofanya siku zote, na goli likiingia wanapiga honi. Mie siku ya kwanza nilivuka mpaka kwenye gari langu nikapiga honi Tahlia alipopiga mpira ukapita nje ya mlingoti kwa shubiri moja. Kwetu hiyo ni pointi! Magari yote yakanyamaza yakanitazama. Tahlia akajifunika uso kwa fulana.

Hilo nililizoea. Kilichonishinda ni saa. Kule kwenye soka, refa mmoja ana filimbi, ana kadi, na saa iko mkononi mwake mwenyewe! Hakuna wa kumchunga. Dakika arobaini na tano zinatimia, mie nazitazama zinatimia kwenye saa ya Ern, na yeye anaendelea kukimbia kama hana habari. Anaongeza dakika zake kutoka kichwani. Mbili, nne, anavyojisikia. Jumamosi ya kwanza nilisimama dirishani nikapiga kelele, "Mwizi!" Watu walidhani nimeibiwa, kijana mmoja akakimbilia gari langu.

"Bibi," Tahlia akaniambia baadaye, "anafidia muda uliopotea."

"Nani amehakikisha?"

"Yeye."

"Na yeye nani anamhakikisha?"

"Hakuna."

"Mnaishi hivyo?"

Na king'ora, jamani, kilikuwa hai. Kiko juu ya paa la kibanda, waya unashuka mpaka kwenye kitufe mezani. Fundi wa halmashauri hakukikata, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo uko shingoni mwangu. Kila Jumamosi saa ya Ern ikifika tisini, kidole changu kilikuwa kinatekenya. Tahlia alinijua. Wiki ya mechi yao ya mwisho akaja nyumbani, safari hii akaketi.

"Bibi, Jumamosi tunacheza na Gorrick."

"Hata huko wapo?"

"Wapo. Sikiliza. Sare inatosha kwao. Sisi tukishinda tunaingia nusu fainali, tusiposhinda msimu umekwisha. Ni mechi moja tu hiyo."

"Basi washindeni."

"Naogopa kitu kimoja."

"Kipa wao?"

"Kidole chako."

Nikacheka. Hakucheka.

"Niahidi, Bibi."

"Nakuahidi. Nikikigusa kitufe, usiniite bibi tena."

Hiyo ahadi niliichagua mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha niweke na nyongeza.

Jumamosi ikawa ya Agosti, baridi ya kukata masikio, magari yamejaa uzio wote. Sijaona magari mengi hivyo Wirrabin tangu mazishi ya Ern, na mengine yale yalikuwa yanapita tu. Neville Tripp alikuja na pikapu lake akaliegesha chini ya kibanda changu, makusudi. Mjukuu wake mwenyewe ndiye alikuwa kipa wa Gorrick. Akashusha kioo.

"Kumi na mbili, Val!"

"Saa mbovu! Kishikwambi hakijambo?"

"Hakijambo, kinakusalimu!"

Gorrick wakafunga kwanza. Honi za Gorrick nazijua, zina kiburi. Baada ya mapumziko msichana wa Kikareni, mfupi kama kocha wake, akasawazisha kwa kichwa. Sijui kichwa kile kilifikaje huko juu. Mie nikapiga meza mpaka chai ikamwagika. Nilikuwa nimesahau kwamba naichukia soka. Nawaambia ukweli, kwa dakika kama ishirini nilikuwa nimesahau kabisa.

Saa ya Ern ikafika tisini. Kamili. Refa, kijana mwenye masikio makubwa, anakimbia tu.

Nikaukalia mkono wangu wa kulia. Nawaambia ukweli huu ili mnione: mwanamke wa miaka sabini na saba, amekaa juu ya mkono wake kama anaangua yai.

Tisini na moja. Tisini na mbili. Na hapo Gorrick wakapata kona.

Sasa ninyi hamkuwepo 1991. Mimi nilikuwepo. Nikaona jezi za Gorrick zinajaa mbele ya goli letu, nikaona Neville chini ameegemea usukani, na kichwani mwangu haikuwa soka tena. Ilikuwa yule jamaa na mpira kifuani. Nikasema, hawa watafunga katika muda ambao haupo duniani, muda wa kuibiwa, mbele ya macho yangu. Kidole kikapewa amri.

Lakini mwili wa kizee, ukiupa amri, unakwenda kwanza kuuliza kama ni lazima. Kulichomoa lile bega, kuutoa mkono chini ya mapaja, mkono umekufa ganzi, kuunyoosha mpaka mezani. Kona ikapigwa. Kipa wetu akaupangua mpira. Mpira ukaruka mbali, ukamkuta Tahlia peke yake katikati ya uwanja, na mbele yake hakuna mtu isipokuwa kipa, mjukuu wa Neville. Tahlia akaondoka nao kama moto kwenye makapi ya ngano.

Hapo ndipo kidole changu kilipofika.

King'ora kilikuwa hakijalia mwaka mzima. Nadhani kilikuwa na hamu. Kililia kwa namna ambayo sijapata kukisikia, na wasichana wote wa Gorrick, waliolelewa na sauti ile tangu matumboni mwa mama zao, wakasimama papo hapo. Wetu nao wakasimama. Kipa akaanza kuvua glavu. Mmoja akamkumbatia refa kwa bahati mbaya. Aliyeendelea kukimbia ni Tahlia peke yake, kwa sababu yeye peke yake alijua ni mimi. Akausukuma mpira wavuni taratibu, akageuka, akatazama kibandani.

Magari yetu yakapiga honi. Halafu yakaacha moja moja, maana refa alikuwa anapunga mikono. Mtu wa nje ameingilia mchezo, akasema. Hakuna goli. Akaudondosha mpira, mtu mmoja akaupiga, akapuliza filimbi ya mwisho.

Kutoka alipoudondosha mpaka alipopuliza nilizihesabu kwa saa ya Ern. Siwezi kujizuia, ni maradhi. Zilikuwa sekunde kumi na mbili.

Tahlia akapanda ngazi ya kibanda, viatu vimejaa matope. Akasimama mlangoni.

"Ilikuwa kona," nikasema. "Nilibonyeza wakati wa kona."

Akautazama mkono wangu.

"Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Uliteleza."

"Usiseme uliteleza."

"Mwanangu, Gorrick wangefunga."

"Nilikuwa peke yangu na kipa, Val."

Val. Kama Neville. Nilijiwekea mwenyewe hiyo adhabu, na mtoto ana kumbukumbu nzuri, nilimfundisha mimi kuhesabu. Akashuka. Chini pale Neville alikuwa ametoka kwenye pikapu, amevua kofia, na mara hii hakusema namba yoyote. Ningemsamehe kama angesema. Kule kunyamaza kwake sikukusamehe.

Miezi minane Tahlia hakuja jikoni kwangu. Akipita mtaani ananisalimu vizuri, "Habari, Val," kama mhudumu wa benki. Binti yangu akaniambia nimwombe radhi. Nikamwambia sijui maneno yake, shule niliacha mapema. Ukweli ni kwamba nilijaribu mbele ya kioo. Kila nilipofika "nisamehe" mdomo ukageuka "lakini."

Machi, Eh Moo akaja nyumbani na bakuli.

"Bibi, wasichana wamepiga kura juu yako."

"Kura nyingine! Huu mji hauna kazi. Wamesemaje?"

"Saba wanasema ukatazwe uwanja. Saba wanasema ubaki."

"Hao saba wa kwanza ni nani?"

"Siri, Bibi."

"Wewe je?"

"Kocha hapigi kura. Amebaki Tahlia."

"Na yeye kasemaje?"

"Kasema bado anafikiri. Kula, itapoa."

Sikula. Mara hii kweli sikula.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili nikaenda uwanjani mapema, kabla hapajafika mtu, nikaweka ufunguo kwenye ngazi ya kibanda na nikakaa pembeni yake, maana magoti hayakutaka kurudi nyumbani upesi. Tahlia akaja na baiskeli. Mfukoni mwa jaketi kuna bisibisi. Akautazama ufunguo, akanitazama.

"Kabla sijapiga kura yangu, nataka kujua kitu. 1991."

"Saa ya Neville ilikuwa mbovu."

Akageuza baiskeli.

"Ngoja," nikasema. "Ngoja, we mtoto. Haikuwa mbovu."

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na alitikisa kichwa?"

"Alipiga chafya."

Akatoa simu, akabonyeza, akaniwekea mkononi. Inaita. "Mwambie yeye," akasema.

Kama kuna mtu amewahi kumeza kiatu chenye kamba zake, atajua nilivyojisikia. Neville akapokea, nyuma yake redio inapiga kelele.

"Nev. Mie Valma."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Sikiliza, nasema mara moja tu. Mwaka ule. Zilikuwa kumi na mbili."

Redio ikazimwa. Nikamsikia anavuta pumzi, mzee wa watu, nikafikiri labda analia, nikaanza hata kumwonea huruma kidogo.

"Val," akasema.

"Sema."

"Mimi siku ile nilipunguza moja, nisionekane mchoyo. Zilikuwa kumi na tatu."

Nikamkatia simu. Sijamsamehe, na sina mpango.

Tahlia alikuwa amekaa chini kwenye majani, anacheka mpaka anashika mbavu. Akajipangusa machozi, akachukua ufunguo, akapanda, akafungua kibanda. Nikasikia bisibisi inafanya kazi kwenye sanduku la umeme ukutani. Akashuka na fyuzi kiganjani, kidude kidogo cheupe, huwezi kuamini kwamba ndicho kilichokuwa kinasimamisha wanaume thelathini na sita. Akaitumbukiza ndani ya soksi yake, upande wa kifundo, akavuta soksi juu.

"Kura yangu hiyo," akasema. "Kaa kibandani, ubonyeze unavyotaka, Bibi."

Nimekaa. Mipira imejaa mpaka usawa wa magoti, supu naletewa, saa ya Ern na daftari langu viko mezani. Mechi ya kwanza zilipotimia tisini nilibonyeza kwa nguvu zangu zote. Hakuna kilicholia. Yule refa wa masikio makubwa akaendelea na wizi wake dakika nne nzima, na Tahlia, akipita mbele ya dirisha langu mbio, akainama akajigonga soksi kwa vidole viwili.

Niliandika kwenye daftari: zimetimia. Angalau mahali pamoja ziwe zimeandikwa.